Nyumba ya Bondeni, Ardhi ya Wenyewe

Jumamosi, 24 Agosti 2024

Mimi Kahindi nimezaliwa na bahati, sina haja ya kuificha. Wengine huzaliwa na pua ndefu, mimi bahati. Leo nimenunua nyumba mtaa wa Bondeni. Kisiwani! Vyumba sita, ushoroba katikati, ua nyuma, mlango wa mbao ya zamani ambayo mchwa ameionja akakata tamaa. Watu saba walikuwa wakiigombea. Saba! Mmoja ana malori Makupa, mwingine daktari. Wote nimewapiku. Wao walikwenda kuuliza wake zao, mimi niko mezani nimeshika kalamu.

Wakili alianza kusoma makubaliano kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Nikamwambia ruka bwana, twende kwenye sahihi. Akauliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimepika melini miaka kumi na tisa, nimesimama Karachi, Durban, Rotterdam — karatasi gani itanishinda? Bwana Jamaldin aliyeniuzia akacheka mpaka akakohoa.

Na hati nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Iko sawa. Mhuri upo, namba ya ploti ipo. Darasa la sita nililoliachia njiani halijaniangusha hata siku moja.

Pesa zote za meli zimekwenda. Zilikuwa zinafanya nini benki? Zinazeeka tu.

Jumapili, 25 Agosti

Nimempigia Dama. Dadangu mdogo, mjane, yuko Mariakani kwenye boma la marehemu mumewe. Tangu mume afe, shemejiye Ngumbao anataka atoke. Amemwandikia karatasi, ati atie dole gumba kwamba ameacha kipande chake kwa hiari. Miaka mitatu Dama anakataa. Naibu wa chifu alimwambia wazi: maadamu hujatia dole, hakuna wa kukutoa. Ukitia, huna pa kurudi.

Nimemwambia awaachie. Njoo kwangu na wanao, chumba cha mbele upande wa kulia ni chenu. Mimi nina ardhi kisiwani, ardhi yenye hati, si ya kugombaniwa na mbuzi.

Nikasikia akiwaambia wanawe watoke nje. Halafu: Kaka, ni yako kabisa?

Nikamwambia kuanzia bati hadi maji ya chumvi huko chini, yote yangu.

Akalia. Mimi pia machozi yalinitoka, lakini nilikuwa namenya vitunguu.

Jumatano, 28 Agosti

Nimehamia. Nimewakuta wapangaji wawili vyumba vya nyuma. Nimewasamehe kodi ya mwezi — mwenye nyumba mpya lazima aonekane. Wameniita Kapteni. Nimekuwa mpishi tu maisha yangu yote, lakini sijawahi kumkataza mtu kuniita Kapteni.

Mutunga fundi amekuja kupima. Ghorofa moja sasa, ya pili mwakani. Mawe yameshushwa, nusu ya kichochoro imefungwa. Bi Mwanakuu, jirani anayekaanga bajia mlango wa pili, akauliza mawe ya nini. Ghorofa, bibi. Akanitazama kama mtu anayemwona mgeni amevaa kanzu nje ndani.

"Umeomba?"

"Nimwombe nani, Mungu?"

"Mungu pia," akasema, akarudi kwenye karai lake.

Wivu. Mtaa huu una wivu.

Ijumaa, 30 Agosti

Biashara nzuri Mama Ngina, pale ufukweni ninapokaangia mihogo mkokotenini. Mihogo imekwisha kabla ya saa mbili. Ogutu amekuja kula kwa mkopo kama kawaida yake. Alikuwa karani wa reli miaka thelathini, sasa kazi yake ni kuvaa miwani yenye uzi na kukosoa watu. Nimemwonyesha bahasha ya nyumba. Akanyoosha mkono: Nipe niisome, omera, ndugu yangu. Nikairudisha kwapani. Nikamwambia wewe soma tiketi za treni.

Akauliza nimefanya sachi? Yaani kwenda kuuliza kwenye daftari la ardhi, ploti hii ni ya nani. Nikamwambia nimuulizeje mtu mwingine kama nyumba yangu ni yangu? Hata mke hatumuulizi hivyo. Wateja wakacheka. Ogutu hakucheka. Akaomba pilipili zaidi.

Jumatatu, 2 Septemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi niko barazani, nimevaa shati la Durban. Akaja binti mmoja, buibui safi, mkoba, daftari la risiti. Anaitwa Jannat.

"Subalkheri, baba. Nimefuata kodi ya ardhi."

Nikamwambia mwanangu umekosea mlango, wapangaji wako nyuma na mwezi huu nimewasamehe. Mimi ndiye mwenye nyumba.

"Naam, ndiyo nimekuja kwako. Wapangaji si kazi yangu."

Nikacheka. Nikamwuliza mwenye nyumba hulipa kodi kwa nani, kwa kivuli chake? Hakucheka wala hakukasirika. Alizungumza kama mtu anayemfundisha mtoto njia ya kwenda dukani. Nyumba ni yako, baba. Kuta zako, bati lako, milango yako. Chini ni kwetu. Babu yetu aliwapa watu ruhusa wajenge, kila mwezi wakawa wanalipia pale pahali. Bwana Jamaldin alikuwa akilipa. Sasa utalipa wewe. Kichochoro chote hiki ni hivyo, hata Bi Mwanakuu hulipa.

Halafu akayaona mawe.

"Na haya?"

"Ghorofa."

Akafunga daftari kwanza. Akasema hata choo kuongeza, barua huja kwetu kabla ya jiwe. Na akasema ni vizuri nisijenge kabisa kwa sasa, kwani ndugu zake wana mazungumzo ya kuuza. Sikuuliza kuuza nini. Nilijua nikiuliza atanijibu.

Nimelipa. Alinipa risiti, nikampa fungu la mihogo la kupeleka nyumbani. Akasema ahsante baba, Mungu akuzidishie. Anizidishie nini? Udongo sina hata wa kujaza kikombe.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Jamaldin, anauza vipuri. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu alfajiri. Akanikaribisha kiti, kahawa, kashata. Ni vigumu kumtukana mtu una kashata yake mdomoni.

Nikamwambia umeniuzia hewa.

"Kapteni, mimi nimekuuzia nyumba. Nyumba unayo au huna?"

"Ninayo."

"Imevuja? Imekimbia?"

Nikamwambia ardhi iko wapi. Akaweka kikombe chini. Akasema ardhi hakuwahi kuwa nayo, wala babake, na hakunitajia ardhi hata mara moja. Bei ile ya nyumba, nilidhani Bondeni watu wanagawa sadaka? Siku ile kwa wakili aliniambia soma bwana, soma kwanza. Ukanijibu Rotterdam, akasema. Sasa kawaulize Rotterdam.

Kijana wa dukani akageuza uso acheke pembeni. Nimemaliza kahawa, nimeaga. Nimetoka bila kutukana mtu. Hata hilo nimeshindwa.

Jumatano, 4 Septemba

Nimempa Ogutu bahasha. Niliiweka tu kando ya sahani yake. Akapangusa vidole, akafunga uzi wa miwani, akasoma polepole huku mafuta yananililia kwenye karai.

Kifungu cha tatu, akasema. Muuzaji anauza nyumba peke yake, bila ardhi iliyo chini yake. Kifungu cha tano, mnunuzi anajua kwamba mwenye ardhi ni mtu mwingine na atamlipa kodi. Chini ya hapo ni sahihi yako. Nzuri sana. Ina mkia kama samaki taa.

Na ile nyingine, nikamwuliza, hati yenye mhuri? Maana ile ndiyo niliyokuwa nikiwapepea watu usoni. Akaigeuza kwangu. Nakala ya hati ya ploti nzima. Juu kabisa, herufi kubwa, jina la babu yake Jannat. Jamaldin aliitia kwenye bahasha ili nijue kodi nimlipe nani. Alinitilia risiti za kodi pia, zimepangwa vizuri kwa miaka. Nilidhani ni za maji.

Ogutu akasema neno ambalo nitalala nalo: kwenye hati usitafute mhuri, tafuta jina. Mhuri ni wa serikali, kila karatasi inao. Jina ndilo la mwenye mali.

Na kinachoniuma si kwamba sikufundishwa. Nimefundishwa nikiwa mtoto! Baba alinunua minazi kumi na mmoja Kaloleni, minazi bila shamba. Kwetu hilo si jambo geni. Mnazi wa huyu, udongo wa yule, na kila mtu anajua mpaka wake. Baba alikwea, akaangua, akauza nazi, na hakupanda hata mhogo mmoja chini ya minazi yake, maana chini si kwake. Watoto wa mwenye shamba walipouza udongo, mnunuzi akaja na misumeno. Baba alilipwa kitu kidogo kwa kila mnazi akaambiwa asante. Nilikuwepo. Nilibeba makuti.

Mtoto wa mtu yule ndiye mimi. Nilidhani mambo hayo ni ya minazi. Nilidhani mjini, palipo na mawe na bati, mtu akinunua cha juu amenunua na cha chini.

Ijumaa, 6 Septemba

Sachi imetoka. Ogutu alinipeleka jana pale watu wanapochapishiwa fomu, wakajaza namba ya ploti kwenye kompyuta, leo jibu. Jina la Jamaldin halimo. Langu ndiyo kabisa. Warithi watano wa babu mmoja. Na chini, mahali pa kuandika mizigo iliyo juu ya ardhi, pameandikwa zuio: kuna kampuni imekwisha kukubaliana nao kuinunua, asiuziwe mwingine.

Karatasi yenyewe ukurasa mmoja. Ada yake haifiki kilo ya nyama. Ingenijibu yote haya mwezi uliopita nikiwa nimekaa kitako.

Mutunga amekuja kuyachukua mawe. Nimemwambia nimebadili mawazo, ghorofa zinaleta joto. Ameniangalia kwa huruma. Hakuna kitu kibaya kama huruma ya fundi.

Jumapili, 8 Septemba

Leo nimempigia Dama nimwambie. Nilisimama uani, nikajikohoza, nikaanza: Dama, ile karatasi ya Ngumbao, usi —

Akanikata kwa furaha. Ngumbao amekubali kila kitu! Watakuja wote Jumamosi hapa kwangu. Ngumbao anataka Dama atie dole mbele yangu, ndugu yake wa tumbo moja, nami nitie sahihi ya ushahidi, ili kesho asiseme alilazimishwa. Dama amewaaga wenzake wa kwaya, wamemwimbia. Mbuzi wawili ameuza. Amenunua kufuli la chumba chake.

"Nimenunua dogo, kaka. Au mlango ni mkubwa?"

Nikamwambia mlango ni mkubwa, nunua kubwa.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Kinywa kilichonunua nyumba kwa siku moja kimeshindwa kusema sentensi moja kwa dada yangu. Nimekaa kwenye ua mpaka Bi Mwanakuu akaniletea bajia bila kuitwa. Akasema, mtaa mzima ulijua. Nyumba ile imekaa miaka miwili haina wa kuitaka. Tulidhani wewe msafiri unajua lako.

Nikala zote. Bajia zilikuwa nzuri.

Alhamisi, 12 Septemba

Jannat amekuja na barua. Kila mwenye nyumba kichochoroni amepewa yake. Hii nimemwambia anisomee, mstari kwa mstari, nilimkatazia kuruka hata salamu. Ardhi imeuzwa. Tumepewa miezi sita tuhame. Wenye nyumba watakaa na mnunuzi wazungumze, atakayekubali kutoka mapema atapewa kitu. Anayetaka mabati na milango yake aving'oe mwenyewe.

Nikamwuliza kitu gani? Akasema hajui, baba, wallahi hajui. Machozi yalimlengalenga. Bi Mwanakuu amezaliwa katika nyumba yake, na barua ameipokea akaifunikia bajia zisiingie nzi. Amesema atakwenda na wenzake kwa wakili, wameshapanga, hawataondoka kama kuku. Nimewaambia nami nimo. Wamenikaribisha. Hakuna aliyeniita Kapteni.

Kwa hiyo Dama akija, atakaa miezi sita. Baada ya hapo hana kwa mume wala kwa kaka.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeunguza mihogo yote. Ogutu amekula hivyo hivyo. Aliuliza, umemwambia dadako? Nikasema kesho. Akasema kesho ndiyo siku ya dole, si siku ya maneno. Nikamfukuza. Akaenda akakaa kwenye ukuta, akanisubiri nifunge, tukasukuma mkokoteni pamoja.

Jumamosi, 14 Septemba

Wamekuja. Saa nne asubuhi. Nimejifungia chumbani, nawasikia.

Dama amevaa gauni lake la kanisani. Ameleta watoto, magodoro mawili, kuku mmoja, kufuli kubwa. Alipofika mlangoni aliupapasa ukuta kwanza kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mtoto kichwa. Akaingia chumba cha mbele cha kulia, akapanga magodoro. Akaniuliza ua ule akipanda mchicha na mchaichai nitachukia? Nikamwambia panda.

Ngumbao ameketi kwenye mkeka wangu ushorobani, kidau cha wino mbele yake na karatasi imeshikiliwa kwa mfuko wa mapera aliyoniletea kama zawadi. Ana karatasi mbili, moja ya kwake moja ya naibu wa chifu. Ananitania kwa sauti wapangaji wasikie.

"Shemeji! Mpishi wa meli umekuwa mwenye ardhi kisiwani. Sisi washamba, tuonyeshe basi hiyo hati tuibusu."

Dama akasema, mwonyeshe kaka. Mwonyeshe akome. Miaka mitatu ananiambia mimi sina kwetu.

Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu mazishi. Tayari alikuwa amekunja mkono wa gauni usiguse wino.

Nikasema nakwenda kuleta hati na kalamu. Bahasha iko hapa mapajani. Kalamu ndiyo hii ninayoandikia. Nimeandika polepole kusudi, na kurasa zinakwisha.

Wanakunywa chai. Sasa vikombe vimewekwa chini. Ngumbao amegonga mlango mara moja kwa adabu. Shemeji, wino unakauka. Dama naye, kwa sauti ndogo ya karibu na ufa wa mlango: Kaka, uko salama? Kama hati imepotea si kitu, mimi neno lako latosha, naenda kutia dole.

Neno langu. Nasikia nyayo zake zinarudi ushorobani.

Basi neno la kweli niliandike kwanza hapa, nikiweza hapa nitaweza na kule mbele yao. Watu saba hawakuwapo. Hakuna aliyeigombea nyumba hii, na hati sikuisoma.